Karantini ya Siku Kumi na Tisa

Kabla hujanihukumu, ujue kwamba sikusema uongo. Nilisema ukweli, ila ukweli wenyewe ulikuwa umepitwa na wakati, na mimi nilikuwa nalijua hilo kuliko mtu yeyote.

Kazi yangu ilikuwa kamusi. Miaka thelathini na mmoja nilikaa kwenye meza ileile, karibu na dirisha lilelile lisilofunguka, nikiandika maana za maneno kwenye kadi ndogo za manila, neno moja kadi moja. Wenzangu walipewa herufi za kupumulia. Mimi nilipewa K. Anayeijua lugha hii atanihurumia, maana huko ndiko waliko kijiko na kikombe na kitanda na kiatu na ukoo wao wote. Nilipostaafu, kadi zangu za rasimu zilikuwa zinakwenda kuchomwa moto. Nikazibeba nyumbani ndani ya maboksi ya viatu ishirini na mawili. Mke wangu alisimama mlangoni akahesabu boksi baada ya boksi, kisha akasema waume za wenzake wakistaafu huleta zawadi, wake kaleta takataka zenye mpangilio.

Mtaani wananiita Mzee Kamusi. Wengi wananiita hivyo kwa heshima. Kinyozi wangu ananiita hivyo kwa hasira, kwa sababu nilimsahihishia ubao wake mbele ya wateja.

Nina mtoto mmoja tu, binti. Yeye alilelewa katika nyumba ambayo ubishi wowote wa mezani uliamuliwa na baba. Mama yake akisema hiki ni kikapu, yeye akashikilia ni kapu, nilikuwa naitwa, nasema, na mjadala unafungwa hapohapo. Sikuwahi kushindwa. Leo naona ningeshindwa hata mara mbili tatu ingemsaidia yule mtoto.

Mke wangu alifariki miaka miwili iliyopita. Alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikuwa ikilia tangu asubuhi mpaka jua linapopungua nguvu. Nilikuwa nikilalamika kwamba inanisumbua kusoma. Sasa nasoma bila kusumbuliwa, na nakwambia kusoma kwa namna hiyo hakuna ladha.

Basi likizo ilipoanza, mwanangu alinitumia mjukuu wangu akae nami wiki moja, ili yeye apumzike. Alikuwa na mimba ya miezi minane na ushee, na mjukuu huyu wa miaka saba si mtu wa kupumzika naye. Anaongea tangu anafumbua jicho. Sisi wote tunamwita Chiriku, na hata mwalimu wake shuleni amesalimu amri, anamwita hivyohivyo.

Siku ya tatu aliamka anajikuna tumbo. Nikadhani ni mbu. Kufika saa nne mbu walikuwa wamehamia mgongoni, shingoni na nyuma ya masikio, nikamshika mkono tukaenda zahanati.

Nesi wa pale ni mwanamke mfupi, mwepesi, haongei mara mbili. Alimfunua Chiriku fulana, akaifunika tena.

"Tetekuwanga," alisema. "Wewe mzee uliwahi kuugua?"

"Nikiwa na miaka tisa."

"Na mama yake?"

Mama yake hakuwahi. Wakati wenzake wa shule wanaugua yeye alikuwa kwa shangazi yake, tukamwona ana bahati. Nilipomweleza nesi hivyo, na hali aliyonayo binti yangu, aliweka kalamu chini.

"Basi huyu hakanyagi kwao. Mjamzito ambaye hajawahi kuugua, akiipata hii karibu na kujifungua ni hatari, yeye na kichanga. Karantini, mzee. Akae kwako mpaka vipele vyote vikauke vifanye magamba, na pasitoke kipya. Wiki moja, au siku kumi, si zaidi. Mmenielewa?"

Nilielewa. Chiriku naye alielewa, isipokuwa neno moja.

"Babu, karantini ni nini?"

Sasa ukimwuliza swali hilo mtu aliyeandika herufi K kwa miaka thelathini na mmoja, umejitakia. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilimpa hadithi yake. Zamani za tauni, nilimwambia, ugonjwa ule ulikuwa ukisafiri na meli. Meli inaingia bandarini imebeba vitambaa na viungo, na mauti yamo ndani yake. Watu wa bandari moja wakasema, meli yoyote inayotoka kwenye ugonjwa haitii nanga hapa mpaka ikae kando siku thelathini. Baadaye wenzao wa Italia wakaona thelathini hazitoshi, wakaongeza kumi. Mabaharia wakawa wanauona mji kwa macho, wanaona moshi wa majiko, wanasikia kengele, na hakuna ruhusa ya kushuka. Arobaini kwa Kiitalia ni quaranta. Hesabu ile ndiyo iliyozaa neno, nalo likapanda meli zilezile likazunguka dunia mpaka likafika kwetu.

"Kwa hiyo mimi ni meli," alisema Chiriku, na akaanza kutembea kwa kuyumba.

Simu ilikuwa inaita tunapoingia ndani. Mwanangu. Nikamweleza: ni tetekuwanga, mtoto hana homa kali, anaendelea vizuri, lakini nesi amesema karantini.

"Sawa, Baba. Karantini ni siku ngapi?"

"Arobaini," nilisema.

Naapa ilinitoka yenyewe. Kichwa changu kilikuwa bado bandarini na mabaharia. Kinywa kikatangulia, akili ikafuata nyuma inachechemea.

"Arobaini? Baba, si nitakuwa nimeshajifungua?"

"Utakuwa umeshajifungua."

"Mbona nesi wa kliniki kwetu aliwahi kusema mambo haya ni kama wiki mbili hivi?"

Hapo sasa. Nilipaswa kucheka, niseme samahani mwanangu, baba yako amezeeka, nilikuwa nasimulia asili ya neno. Sentensi moja tu. Lakini Chiriku alikuwa amekaa kwenye kiti cha marehemu bibi yake, miguu haifiki chini, anaisimulia cherehani habari za tauni. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka miwili kusikia mtu anaongea katika kona ile.

"Nesi anajua sindano," nilisema. "Mimi najua neno."

Nikamsikia mkwe wangu, ambaye ni fundi umeme na mtu wa adabu sana, akisema kwa mbali, "Mzee akishasema, keshasema."

Wiki ile ya kwanza haikuwa ya mchezo. Nilimkata kucha, nikamvalisha soksi mikononi asijichune, nikampaka ile losheni ya rangi ya waridi kipele kimoja kimoja, naye akitaka kila kimoja kipewe jina. Mimi nikawa nayatoa, yeye akawa ananikatalia. Kipele cha puani kiliitwa Meneja. Nilimwogesha maji ya uvuguvugu mara mbili kwa siku, na nilijifunza kusuka nywele vibaya.

Alipopata nafuu tukafungua duka. Lilikuwa duka la maneno. Yeye muuzaji, kaunta yake ni meza ya cherehani, bidhaa ni kadi zangu. Nikitaka neno nanunua kwa hadithi. "Kipepeo" aliniuzia kwa hadithi mbili, akidai limebaki moja tu stoo. Nikibisha bei ananiambia niende duka la jirani, kisha ananikimbilia mlangoni kunirudisha. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kulikuwa na kelele, kulikuwa na makombo chini ya meza, kulikuwa na viatu vidogo vya kujikwaa navyo sebuleni. Nilikuwa na furaha. Nasema hivyo bila kona, nilikuwa na furaha ambayo sikuitegemea tena.

Siku ya tisa gamba la mwisho lilikuwa limekauka. Meneja mwenyewe alishang'oka. Jioni, jua bado liko juu, nesi alipita getini kwangu akitoka kazini, nikamwonyesha Chiriku anaruka kamba uani.

"Safi kabisa," alisema. "Huyo mruhusu aende kwao."

"Asante sana, mwanangu," nilisema, na papo hapo nikamwuliza kama maji ya bomba siku hizi hayana dawa nyingi mno. Nesi huwa ana mengi ya kusema kuhusu maji ya bomba. Alipoondoka, nikaangalia kama Chiriku alisikia. Hakusikia. Alikuwa anahesabu kuruka kwake kwa sauti kubwa.

Siku tisa za kwanza zilikuwa za ugonjwa. Kuanzia ya kumi nilikuwa mwizi.

Siku ya kumi na nne mwanangu akajifungua mtoto wa kiume. Mkwe alipiga simu anacheka na kulia kwa pamoja, maneno hayaeleweki, nami nikapiga makofi peke yangu jikoni. Kisha akampa mama mtu simu.

"Baba, ana kidevu chako."

"Masikini," nilisema.

Akacheka, na kicheko kikageuka katikati. "Nilimwahidi Chiriku yeye ndiye atakuwa wa kwanza kumshika. Tulipanga atakaa wapi, mto utawekwa wapi. Zimebaki ngapi, Baba?"

"Ishirini na sita."

"Sawa," alisema. "Basi, sawa. Ugonjwa si wa kuchezea." Akaomba kuongea na mwanawe. Sikusikia alichoambiwa, nilimwona tu Chiriku anaitikia kwa kichwa, akisahau kwamba kichwa hakisikiki kwenye simu.

Siku hiyo na zilizofuata hakuongea sana. Duka likafungwa mapema. Nyumba ilikuwa na mtu na bado ilikuwa kimya, na kimya cha mtoto ni kibaya kuliko cha mzee, kwa sababu mzee amekizoea.

"Babu," aliniuliza wakati namsuka, "baada ya siku ishirini na sita mtoto anakuwa ameota meno?"

"Bado."

"Anakuwa anatembea?"

"Wapi! Hata kukaa hajui."

"Ananijua?"

"Kichanga hamjui mtu."

Akafikiri. "Basi anajuana na baba na mama tu. Mimi nitakuja kama mgeni."

Nilijifanya nywele zimenishika vidole.

Siku ya kumi na tisa, baada ya chakula cha mchana, aliniambia anataka kadi ya karantini. Nikamwuliza ya nini. Akasema anataka kuichana. Neno baya halifai kukaa dukani, wateja watalinunua. Niliona ni haki yake, nikamwambia boksi la tano, nyuma ya "karanga". Mimi nikaendelea kuosha vyombo.

Ametoka darasa la kwanza, anasoma kwa kuvuta silabi. Nilimsikia kutoka jikoni.

"Ka-ra-nti-ni. Ku-te-ngwa kwa mtu au m-nya-ma kwa mu-da u-na-o-to-sha ku-zu-i-a u-go-njwa ku-e-ne-a." Kisha, "Babu, arobaini haipo."

Sahani ikabaki mkononi.

"Ilikuwepo," aliendelea, "lakini mtu ameikata. Kwa kalamu nyekundu."

Nikaja na mikono inadondosha maji. Nilikuwa nimesahau kadi ile kabisa. Ndiyo, ilikuwapo: "muda wa siku arobaini", na mstari mwekundu umepita juu yake, na pembeni mwandiko wangu, wa miaka ishirini iliyopita, wenye kiburi hata kwenye nukta zake: *Ondoa. Hizo ni habari za kale. Siku hizi kila ugonjwa una muda wake. Maana ya neno ni vile watu wanavyolitumia, si pale lilipozaliwa.* Nilikumbuka ugomvi wake. Kijana mmoja wa ofisini alitaka arobaini ibaki kwa sababu ni historia nzuri. Siku tatu hatukusalimiana kwenye chai kwa ajili ya arobaini ile, na nikashinda mimi.

"Nani kaikata?" aliuliza Chiriku.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu si kweli tena."

Aliitazama kadi, akanitazama mimi, akaitazama kadi. Hakuwa na hasira. Alikuwa anajaribu kuelewa tu, kama anavyojaribu silabi ngumu.

"Mbona mimi nahesabu?"

Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Zangu hazikufika hata ishirini, na aliyenikamata hajui bado kutamka "mwandiko" bila kusimama njiani.

"Vaa viatu," nilimwambia.

"Tunakwenda wapi?"

"Kwenu."

Hakuvaa soksi. Aliruka uani mara tatu, akarudi kuchukua kiatu cha pili, na kelele ikarudi nyumbani kwangu kwa dakika tano za mwisho. Tulipitia zahanati kwanza. Nesi alimkagua mtoto mgongo na tumbo, akasema amepona siku nyingi, hana cha kuambukiza, kisha akanigeukia mimi.

"Si nilikwambia siku ile getini?"

"Uliniambia."

Aliniangalia kwa muda. Haongei mara mbili, nimeshasema, na hapo hakuongea hata mara moja. Heri angenitukana.

Kutoka kwangu hadi kwa binti yangu ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Nusu saa! Wale mabaharia wa kale angalau walikuwa na maji kati yao na mji. Njiani nilitunga hotuba. Ilianza na asili ya neno, ikapitia mabadiliko ya matumizi, ikaishia kwenye msamaha, na ilikuwa na sentensi moja nzuri sana ambayo sasa siikumbuki.

Mlango ulifunguliwa na mwanangu mwenyewe, kanga begani, kichanga mkononi. Alipomwona Chiriku alirudi nyuma hatua mbili, mkono umekinga kichwa cha mtoto.

"Baba! Siku bado!"

"Amepona," nilisema. "Nesi amemwona sasa hivi. Amepona tangu siku ya tisa. Nilikuwa najua."

Chiriku alibaki kizingitini, vidole vya miguu vimegusa mstari wa mlango, anangoja ruhusa. Mwanangu alinitazama. Niliona akipiga hesabu usoni.

"Siku kumi," alisema taratibu. "Siku kumi, Baba. Nimejifungua namlilia mwanangu. Baba yake akasema tumwulize mtu mwingine, nikamkatalia. Nikamwambia baba yangu hajawahi kukosea neno."

"Mwanangu, neno lile asili yake—"

"Sikuulizi neno." Sauti ilipanda na kichanga kikashtuka. Akaishusha. "Nakuuliza wewe. Kwa nini?"

Hotuba ilinitoroka yote. Kihoro niliandika mimi, na kilio, na kiherehere. Kimya pia niliandika mimi, mistari miwili mitupu, na sikujua nilichokuwa nikikiandika. Lakini upweke uko kwenye U. Haukuwa herufi yangu, na sikuwahi kuutamka kwa kinywa changu mbele ya mtu.

"Ni upweke," nilisema. "Tangu mama yako aende, ile nyumba inanishinda. Mtoto alipokuja nikasikia watu ndani. Nikashindwa kumrudisha. Nimekukosea, mwanangu. Nimemkosea na yeye."

Alinisogelea mpaka nikadhani atanifungia mlango, akanisukumia kichanga kifuani. "Mshike huyu," alisema kwa ukali, kwa sababu alihitaji mikono yote miwili. Akapiga magoti palepale mlangoni na Chiriku akamwangukia shingoni, na wote wawili wakalia kwa sauti, halafu Chiriku akaanza kuongea, yote kwa pamoja, Meneja na soksi na duka na kipepeo, hapumui.

Mimi nilisimama na mjukuu wangu wa kiume. Kidevu ni changu kweli, masikini. Alifumbua jicho moja, akanikagua, akalifumba, na muda si mrefu nikahisi ujotoujoto ukishuka kwenye shati langu hadi kiunoni. Sikusogea.

Mwanangu alijifuta uso kwa kanga, akainuka. Hakunitazama. Alimchukua kichanga, akamkalisha Chiriku kwenye kochi, akapanga mto kwenye mapaja yake, akamlaza mdogo wake juu ya mto. Akasimama kuwaangalia, mgongo umenigeukia.

"Shati limelowa hilo," alisema.

"Limelowa."

"Umekuja na nguo nyingine?"

"Sikuja na kitu."

"Mimi nina kichanga, Chiriku ana wiki tatu nzima za maneno hajasema, na mume wangu anarudi kazini kesho. Ukishakunywa chai nenda kachukue nguo zako, urudi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, sikuwa nimejiandaa kwa hili.

"Nichukue za siku ngapi?"

Hapo ndipo alipogeuka. Macho yalikuwa bado mekundu na hasira ilikuwa haijaisha, lakini mdomo ulikuwa unamshinda kuubana.

"Mwenye kamusi ni wewe, Baba."